Sauti za Wasomaji wa Agano Jipya na Mafunzo ya Akili Mnemba: Tathmini ya Kitheolojia

Utangulizi

Mwezi Mei 2023 watafiti wa kampuni ya Meta, ambayo ndiyo yenye kumiliki Facebook na WhatsApp, walitoa makala ya kitaalamu juu ya mashine zenye uwezo wa kusikia na kusema kwa lugha zaidi ya 1,000. Wa kwanza katika orodha ya waandishi wake ni Vineel Pratap, na mpango wenyewe hujulikana kwa herufi MMS. Wengi waliipokea kama habari ya mafundi. Hata hivyo ni habari ya Kanisa pia, kwa sababu kitabu cha kiada kilichotumika kuzifundishia mashine hizo ni Agano Jipya.

Katika makala hii tunakusudia kufanya mambo matatu: kueleza kwa ufupi kazi iliyofanyika, kupima hoja ya kimaadili ambayo watafiti hao waliitoa kwa ajili ya kazi yao, na kuonyesha swali ambalo halikuulizwa pamoja na wajibu unaotuangukia sisi tulio wachungaji, walimu na wanafunzi wa theolojia. Msomaji asidhani kwamba tathmini ni shutuma. Kazi hii ni kubwa, na ndani yake yamo mambo yanayostahili sifa. Lakini jambo linalostahili sifa halikosi kustahili kupimwa.

1. Kazi iliyofanyika

Mashine haijifunzi lugha kama mtoto anavyojifunza mgongoni mwa mama yake. Ili iweze kugeuza sauti kuwa maandishi, inahitaji kupewa saa nyingi za sauti ya binadamu pamoja na maandishi ya yale yaliyosemwa. Inalinganisha hiki na kile mara maelfu kwa maelfu, hadi itakapoweza kukisia neno kutokana na mlio. Kwa Kiingereza vitu hivi vimejaa tele. Kwa sehemu kubwa ya lugha za dunia havipo, na hii ndiyo sababu mashine nyingi za akili mnemba ni viziwi mbele ya watu wetu.

Watafiti wa MMS walitambua kwamba katika lugha nyingi kipo kitabu kimoja kilichokwisha kutafsiriwa, kusomwa kwa sauti na kurekodiwa, nacho ni Agano Jipya. Wakakusanya usomaji wake katika lugha 1,107, kwa wastani wa saa 32 kwa kila lugha. Zaidi ya hayo walitumia masimulizi na nyimbo za Kikristo zisizokuwa na maandishi katika lugha 3,809, ili mashine ijizoeze kuitofautisha lugha moja na nyingine. Rekodi hizi zinatokana na jitihada za muda mrefu za taasisi za kimisioni, ambazo zimekuwa zikiwarekodi wasomaji wazawa ili wale wasiojua kusoma wapate kulisikia Neno. Miongoni mwa lugha zilizoingia humo zimo Kiswahili, Kigogo, Kihaya na Kimakonde.

Kwa upande wa ufundi, watafiti walionyesha kwamba katika lugha 54 walizozipima, makosa ya mashine yao yalikuwa nusu tu ya makosa ya mashine iitwayo Whisper, iliyotengenezwa na kampuni ya OpenAI. Walipima pia kama mashine iliyolelewa na maandiko ya dini itaelekea kusikia maneno ya dini mahali yasipotamkwa, na kama itamsikia mwanamke vibaya kuliko mwanamume, kwa kuwa wasomaji wengi ni wanaume. Hawakuona upotofu mkubwa. Mwishoni waliyatoa matokeo yao wazi, kwa leseni inayozuia matumizi ya biashara.

Tuwape haki yao. Walitaja waziwazi chanzo cha data zao, jambo ambalo kampuni nyingi za aina hii hazilifanyi. Tena waliona kwamba kutumia maandiko ya dini ni jambo lenye uzito wa kimaadili, wakatafuta ushauri. Hapo ndipo uchambuzi wetu unapoanzia.

2. Swali lililoulizwa

Watafiti wanaeleza kwamba walishauriana na wanamaadili wa Kikristo. Hitimisho la mashauriano hayo ni kwamba Wakristo walio wengi hawalioni Agano Jipya, wala tafsiri zake, kuwa ni takatifu kiasi cha kutofaa kutumika katika kuifundisha mashine. Wanaongeza kwamba jambo hili si lazima liwe hivyo kwa maandiko ya dini zote, na wanaitaja Kurani kama mfano.

Kwa msimamo wa Kilutheri, jibu hilo ni sahihi. Sisi hatufundishi kwamba utakatifu umenaswa katika herufi au katika milio ya lugha fulani. Luther aliyafananisha Maandiko na nguo za kitoto na hori ambamo Kristo amelazwa: hori linaheshimiwa kwa ajili ya yule aliyemo, wala halisujudiwi kwa ajili ya mbao zake. Siku ya Pentekoste Roho hakuwafundisha watu lugha moja takatifu, aliingia katika lugha walizozaliwa nazo. Tafsiri zetu zote zimesimama juu ya msingi huo. Kwa hiyo mashine inapolikata fungu la Warumi katika vipande vya sekunde chache ili kulinganisha mlio na herufi, Neno la Mungu halijeruhiwi. Mkristo anayeogopa jambo hilo anaukaribia uchawi kuliko imani.

Je, tukiishakubali hivyo, shauri limekwisha? Hapana. Tutazame ni swali la namna gani lililoulizwa. Liliuliza juu ya kitabu, na kitabu hakina mdomo wa kujibia. Mtu anaweza kulimaliza swali la utakatifu wa kitabu akiwa ofisini, pamoja na wataalamu wawili watatu, pasipo kuonana na hata mmoja wa watu ambao sauti zao zimo ndani ya mashine.

Ni kama mtu anayetaka kupitisha barabara katika shamba la mjane, akaenda kwa mchungaji kumwuliza kama ardhi hiyo ni takatifu. Mchungaji akafikiri vizuri, akajibu kwa haki kwamba ardhi si takatifu. Jibu ni kweli tupu, na mjane bado hajaulizwa.

3. Swali lisiloulizwa

Makala ya MMS inaripoti mashauriano na wanamaadili. Hairipoti mashauriano na wasomaji, wala na makanisa ya lugha zinazohusika. Hapa hatuzungumzii tena heshima ya Maandiko. Tunazungumzia Amri ya Saba.

Wasomaji wa namna hii ni watu tunaowafahamu katika sharika zetu: mwinjilisti, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa kwaya mwenye matamshi safi, mzee wa kanisa anayeijua lugha ya babu zake bila kuichanganya. Mtu wa namna hiyo alikubali kuketi mbele ya kinasa sauti akasoma, sura baada ya sura, ili jirani yake asiyejua kusoma asikie. Ridhaa hiyo ilikuwa na mwisho wake uliojulikana. Aliyetoa sauti yake ili bibi kizee kijijini apate kuisikia Injili ya Luka hakuitoa, kwa tendo lile lile, ili kampuni ya Marekani ipate malighafi ya mashine. Na kama alirekodiwa katika enzi za kaseti, asingeweza hata kulikisia jambo hilo, achilia mbali kuliridhia.

Luther katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 anapanua maana ya wizi kuliko ilivyodhaniwa. Kwake mwizi si yule tu anayevunja kasha usiku. Yumo pia mfanyabiashara anayejinufaisha sokoni kwa kutojua kwa mwenzake, na bwana anayejikusanyia kwa njia ambayo sheria ya nchi haiigusi. Katika Katekisimo Ndogo anaongeza upande wa pili: amri hii inatudai tumsaidie jirani kuvitunza na kuviendeleza vilivyo vyake. Kwa kipimo hicho haitoshi kuuliza kama sheria ya hakimiliki imevunjwa. Inabidi kuuliza kama jirani amesaidiwa kukitunza kilicho chake.

Maandiko yenyewe yanatuongoza kuuliza hivyo. Nabii Nathani alipomwendea Daudi (2 Samweli 12), kesi aliyoileta ilikuwa ya mwana-kondoo. Mwana-kondoo yule hakuwa wa sadaka wala wa hekalu. Alikuwa wa maskini, na hilo lilitosha. Nabothi naye (1 Wafalme 21) aliahidiwa malipo mazuri, hata shamba lililo bora kuliko lake. Dhambi ya nyumba ya Ahabu ilianzia pale ambapo neno "hapana" la mtu mdogo halikukubaliwa kuwa jibu. Tusisahau kwamba Nabothi aliulizwa kwanza. Wasomaji wetu hawakufika hata katika hatua hiyo.

4. Hoja tatu za utetezi

Hoja ya kwanza: Injili ni bure. Wapo watakaosema kwamba Bwana aliwaagiza wanafunzi wake watoe bure kwa kuwa walipewa bure (Mathayo 10), na kwamba Kanisa linalodai haki juu ya sauti za wasomaji linalichuuza Neno. Hoja hii ina nguvu, tena inatoka katika moyo wa imani yetu. Lakini inachanganya vitu viwili. Injili ni bure, ila jasho la anayeibeba ni lake. Mtume Paulo, aliyejinyima haki ya kulipwa, ndiye aliyetetea kwa nguvu kwamba haki hiyo ipo (1 Wakorintho 9).

Historia ya Luther inatusaidia hapa. Luther hakupokea malipo kwa maandiko yake. Hata hivyo mwaka 1525, sehemu ya muswada wa mahubiri yake ilipoibwa katika kiwanda cha uchapaji na kuchapishwa katika mji mwingine kabla ya toleo la Wittenberg, alilalamika hadharani, tena akaliandikia baraza la mji wa Nuremberg. Hakudai fedha kwa ajili yake. Aliwatetea wachapaji waliokwisha kutumia gharama, na wasomaji waliokuwa wakiuziwa maandiko yaliyojaa makosa. Alichoomba ni kwamba wengine wangoje wiki chache kwa ajili ya upendo. Kwa upande mwingine, Hieronymus Emser alipotoa Agano Jipya mwaka 1527, ambalo kwa sehemu kubwa lilikuwa kazi ya Luther yenye jina la mtu mwingine, Luther alimkejeli katika barua yake juu ya kutafsiri ya mwaka 1530, ila akakiri kwamba anafurahi kazi yake ikiendelea kusomwa hata bila jina lake. Mafundisho yake hayajipingi. Mtu anaweza kuiachilia haki yake mwenyewe kwa furaha. Hawezi kuiachilia haki ya mwenzake kwa niaba yake, na anayeichukua hawezi kujitetea kwa ukarimu wa yule ambaye hakumwuliza.

Hoja ya pili: hakuna aliyepungukiwa. Sauti ya msomaji bado ipo, rekodi yake bado inasikika sharikani, basi amepoteza nini? Tunajibu kwamba amepoteza nafasi ya kuamua. Kitu kilichojengwa kwa sauti yake sasa kinasambaa, na leseni inayozuia biashara haiwezi kukirudisha nyumbani. Ufundi unaoiwezesha mashine kusema Kigogo kwa ajili ya kipofu ndio unaoweza kumwezesha tapeli kusema Kigogo kwenye simu ya mzee. Hapo Amri ya Nane nayo inaingia.

Tulinganishe na jambo lililotokea Marekani. Mwezi Juni 2025 jaji William Alsup aliamua katika kesi ya waandishi dhidi ya kampuni ya Anthropic kwamba kuifundisha mashine kwa vitabu kulikuwa matumizi halali, lakini kujikusanyia nakala kutoka maktaba za wizi mtandaoni hakukuwa halali. Mwezi Septemba mwaka huo kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 1.5, yaani takriban dola 3,000 kwa kila kitabu, kwa vitabu vipatavyo 500,000. Hatusemi kwamba kesi hiyo ni sawa na jambo tunalolichambua, maana usomaji wa Agano Jipya ulikuwa umewekwa wazi mtandaoni na wale walioutoa. Tunachokiona ni nani mwenye uwezo wa kuketi mezani. Mwandishi wa Kiingereza ana mkataba, ana mchapishaji, ana wakili, na kwa hiyo ana swali linalosikika. Msomaji wa Kimakonde ana sauti tu, na hiyo ndiyo iliyochukuliwa.

Hoja ya tatu: bila mashine lugha ndogo zitakufa. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na watafiti wenyewe wanaitaja kama shabaha yao. Mgonjwa asiyejua Kiswahili vizuri akiweza kueleweka zahanati, na mtu asiyejua kusoma akiweza kuuliza bei ya mazao kwa lugha yake, hayo ni matunda ya upendo kwa jirani, na hatuna ruhusa ya kuyadharau kwa sababu tu yanatoka Marekani.

Lakini haja ya kweli haiondoi ulazima wa kuuliza, na ipo mifano inayoonyesha kwamba kuuliza kunawezekana. Huko New Zealand, shirika la utangazaji la Wamaori liitwalo Te Hiku Media liliwaita wenyeji mwaka 2018, nao kwa muda wa siku 10 wakasoma na kurekodi zaidi ya saa 300 za lugha yao. Data hizo zinatunzwa chini ya leseni yenye msingi wa neno la Kimaori lenye maana ya ulinzi au uwakili: anayezishika ni mlinzi tu, na matumizi yake hayana budi kuwafaidia Wamaori. Kiswahili nacho kinakusanywa katika mpango wa Common Voice wa taasisi ya Mozilla, ambapo kila asomaye anajua tangu mwanzo kwamba anaisomea mashine.

Jambo hili pia si la Wazungu dhidi ya Waafrika. Mwaka 2019 ilitolewa hazina ya maandishi iitwayo JW300, iliyotokana na magazeti ya Mashahidi wa Yehova katika lugha zaidi ya 300. Watafiti wa Kiafrika waliitumia kwa moyo mwema ili kujenga mashine za kutafsiri lugha zetu. Baadaye ikaonekana kwamba masharti ya wenye magazeti hayakuruhusu matumizi hayo, na hazina ikaondolewa. Nia njema ya mtumiaji haikuweza kujaza nafasi ya ridhaa ya mwenye mali. Hapo "hapana" iliheshimiwa, kwa kuwa aliyeisema alikuwa na nguvu. Sisi tunauliza kama itaheshimiwa pia ikisemwa na mnyonge.

5. Wajibu wa Kanisa

Ingekuwa rahisi kuishia kuinyoshea kidole kampuni ya mbali. Lakini rekodi hizi zilitoka katika ghala la Kanisa. Mashirika yetu ya kimisioni na vyama vya Biblia ndivyo vilivyowaendea wasomaji, na ndivyo vilivyoyaweka masomo mtandaoni. Kwa hiyo swali la ridhaa linagonga mlango wetu kwanza.

Kuna historia hapa. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1937 tunaiita kwa jina la Karl Roehl, mmisionari wa Kilutheri, na ni haki kumkumbuka. Lakini ni wanafunzi wangapi wa theolojia wanaoweza kuwataja Waafrika walioketi naye mezani wakimwambia neno hili linasemwa na hili halisemwi? Mazoea ya kuichukua lugha na kumwacha mwenye lugha hayakuanza na kompyuta. Mashine imeyakuta kwetu, ikayaendeleza kwa kasi yake.

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, dayosisi zifanye hesabu ya rekodi zilizofanywa katika lugha za maeneo yao: nani alirekodi, nani alisoma, na kwa masharti gani. Pili, kila rekodi mpya itanguliwe na maelezo katika lugha ya msomaji mwenyewe, yakitaja wazi kama sauti yake inaweza kutumika kufundishia mashine, na msomaji awe na uhuru wa kukataa sehemu hiyo huku akikubali nyingine. Tatu, mahali ambapo sauti zimekwisha kutumika, Kanisa lidai kwamba matunda yake yarudi kwa wenye lugha: shuleni, zahanatini na kwa walemavu. Na yasirudi kwa lugha ya Agano Jipya peke yake. Lugha iliyo hai ina nyimbo za kubembeleza watoto, maneno ya msibani, mizaha ya watani na majina ya wadudu wa shambani, na mashine isiyoyajua hayo haijaijua lugha. Nne, vyuo vyetu vilifundishe jambo hili katika somo la maadili pamoja na Amri ya Saba, maana wachungaji tunaowaandaa ndio watakaoulizwa na washarika.

Hitimisho

Tumekubali kwamba Agano Jipya si takatifu kwa namna ya kuizuia mashine isiliguse. Tumekataa kwamba jibu hilo linatosha. Daudi alipoletewa maji ya kisima cha Bethlehemu na mashujaa watatu waliohatarisha maisha yao (2 Samweli 23), hakuwa na shaka juu ya maji. Alikataa kuyanywa kwa sababu aliwaona watu ndani yake.

Makala ya MMS inahesabu lugha 1,107. Luka, anapoisimulia Pentekoste, haandiki hesabu ya lugha. Anawataja watu, taifa kwa taifa na nchi kwa nchi, kana kwamba hataki mmoja wao apotee katika jumla. Kanisa likitaka kusema neno la maana juu ya mafunzo ya mashine, na lianze na kazi ndogo ambayo haihitaji kampuni wala mtambo: kuyatafuta majina ya wale waliosoma, na kuwaendea kuwauliza.